Pumziko la Maji si Kifungo cha Giza



Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna matibabu ambayo habari zake zimefika hata kwetu katika bonde la Ruzizi. Mtu mwenye hofu nyingi, au ambaye moyo wake umechoka, hulazwa juu ya maji ya chumvi katika chumba chenye giza na kimya. Haogelei, wala hazami. Anaelea tu kama jani, muda wa saa moja, kisha anatoka, anajisafisha chumvi, anakwenda zake nyumbani. Wengi husema kwamba wametoka na moyo mtulivu.

Huenda utacheka. Utasema, "Sisi watu wa Sange tunatafuta maji safi ya kunywa, nao wanayalalia!" Cheka, si vibaya. Lakini ukiisha kucheka, tufikiri pamoja, maana jambo hili lina fundisho kwetu, wala si fundisho la chumvi. Ni fundisho juu ya namna tunavyowatendea watu wetu walio wagonjwa wa akili na wa moyo.

Maoni yetu ni haya. Kimya na giza humpumzisha mtu akivitaka mwenyewe, kwa muda mfupi, naye akijua kwamba mlango hauna kufuli na kwamba mtu yu karibu. Lakini kimya na giza vile vile, mtu akitiwa kwa nguvu, humwongezea ugonjwa. Na hilo la pili ndilo tunalolifanya mara nyingi nyumbani kwetu, tena tukidhani tunamsaidia.

Maji hayo ni ya namna gani?

Maji yenyewe si mengi. Kina chake ni kama sentimeta 25 au 30 tu. Lakini ndani yake wameyeyusha mamia ya kilo za chumvi ya haluli, ile ambayo hospitali za zamani zilimpa mtu ili aharishe. Maji yenye chumvi nyingi hivyo huwa mazito kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo yanamwinua bila yeye kujitahidi. Tena maji hupashwa moto kidogo, kama digrii 35, yaani sawa na joto la ngozi. Kwa sababu hiyo ngozi haisikii baridi wala moto.

Sasa fikiri ubongo unapata nini hapo. Mgongo haubebi mzigo, shingo haikazi, macho hayaoni kitu, masikio hayasikii gari wala kelele. Ubongo wa mtu mwenye hofu ni kama mlinzi wa usiku asiyepewa zamu ya kulala. Kila sauti kwake ni adui. Hapo juu ya maji mlinzi huyo haletewi habari yoyote ya hatari. Basi, polepole anaketi chini. Misuli inalegea, pumzi inashuka.

Aliyeanza kujaribu jambo hili ni daktari wa Marekani, John Lilly, mwaka 1954. Hakuwa akitafuta dawa. Alitaka kujua kama ubongo utalala wenyewe ukikosa habari zote za nje, akaona kwamba haulali, bali unaendelea na kazi yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, Justin Feinstein na wenzake katika mji wa Tulsa, Marekani, walitangaza habari za watu 50 wenye ugonjwa wa hofu, na wengi wao walikuwa na huzuni nzito pia. Kila mmoja alielea mara moja tu, muda wa saa moja. Walipotoka, hofu ilikuwa imepungua, na mkazo wa mwili pia.

Ni habari njema, lakini tusiikuze. Saa moja ni saa moja. Haionyeshi kwamba mtu amepona, wala kwamba utulivu ule utadumu hata mwezi ujao. Tena haikufanywa kwa ajili ya mtu anayesikia sauti za watu wasiokuwapo.

Giza lile lile laweza kudhuru

Katika miaka ile ile ya Lilly, wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal katika nchi ya Kanada, walijaribu jambo lililofanana na hilo, bila maji. Waliwatwaa vijana wanafunzi, wenye afya nzuri, wakawalipa dola 20 kwa siku ili walale tu kitandani katika chumba kidogo. Walifunikwa macho kwa miwani isiyoonyesha sura ya kitu, mikono ikavikwa ili isiguse kitu, masikio yakasikia mvumo mmoja tu. Walipewa chakula, na walikuwa huru kutoka.

Ungedhani hiyo ni kazi rahisi kuliko zote duniani, kulipwa kwa kulala! Lakini wengi hawakuvumilia zaidi ya siku chache. Mawazo yao yalivurugika. Wengine waliona picha za vitu visivyokuwapo. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1954.

Msomaji, shika neno hili. Vijana wale walikuwa wazima, walilipwa, na waliweza kuondoka saa yoyote. Hata hivyo akili zao zilitikisika kwa siku chache. Basi itakuwaje kwa mtu aliye mgonjwa tayari, aliyefungwa kamba katika kibanda cha nyuma, asiyejua atatoka lini, akikaa humo wiki na miezi?

Yaliyotupata sisi

Hatusemi juu ya jambo la mbali. Sange inajua maana ya hofu isiyolala. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka barabarani hapa kwetu. Watu walikwenda kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mashindano ya Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu hawakutambulikana. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 usiku ule sasa ni mtu mzima. Wako walioungua ngozi na kupona ngozi, lakini hata leo wakisikia harufu ya petroli moyo unapiga mbio.

Tena viko vita. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, huko juu mlimani kwetu, ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Vita vya 1998 vikafuata. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliteremka tena bondeni, na watu maelfu kwa maelfu wakavuka kukimbilia Burundi. Wako pia wanawake walioteswa kwa njia ambayo kila msomaji anaijua, ambao hawakumwambia mtu.

Mtu aliyepita katika mambo hayo aweza kuwa na dalili hizi: hapati usingizi, au anaamka akipiga kelele, anashtuka kwa mlio mdogo, anakwepa njia fulani au watu fulani, anakasirika upesi, anakunywa pombe ili asahau, anakaa bila kusema, wala hatamani kulima wala kula. Watu husema, "Amekuwa mvivu," au "Amerogwa." Sivyo. Ameumia, kama vile mguu unavyoweza kuumia. Tofauti ni kwamba jeraha hili halitoi damu.

Kosa letu

Sasa tuseme wazi. Mtu akianza kusema ovyo au kutembea uchi, familia nyingi humfunga. Wengine humfunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, wengine humfungia katika chumba kisicho na dirisha. Husema, "Apate kutulia." Wengine humpeleka kwa mfumu, wapigwe wote wawili, yeye kwa fimbo na familia kwa gharama.

Na sisi Wakristo tusijione safi. Viko vyumba vya maombi ambamo mgonjwa amefungwa mikono, akanyimwa chakula siku nyingi kwa jina la kufunga, akapigwa ili pepo atoke. Tunaamini maombi. Tunaomba kila asubuhi kabla ya kuanza kazi ya wagonjwa. Lakini kumnyima mgonjwa maji, hata midomo inapasuka, si maombi.

Soma tena habari za yule mtu wa makaburini katika Injili ya Marko, sura ya 5. Watu wa kwao walikuwa wamemfunga kwa pingu na minyororo mara nyingi. Je, alipona? Hata kidogo. Alizidi kuwa mkali, akajikata kwa mawe. Bwana Yesu alipofika hakuongeza mnyororo. Alimwuliza jina lake. Na mwisho watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Anayetaka kuwatunza wagonjwa wa akili kwa jina la Yesu na aanze hapo: amwite mtu kwa jina lake, amvike nguo, aketi naye.

Lakini mtu wetu ni mkali!

Utasema, "Ninyi wa hospitali mnasema kwa urahisi. Ndugu yetu alishika panga akataka kumkata mama. Tufanye nini, tumwache?" Swali hili ni la haki, na hatulidharau. Anayelala usiku mmoja nyumba moja na mtu wa namna hiyo ndiye anayejua taabu yake.

Jibu letu ni hili. Ondoa panga, jembe, mchi na kila kitu cha hatari. Watoto walale kwa jirani. Watu wengi kidogo, wanaume watulivu anaowajua, wamshike bila kumpiga, mmoja tu akisema naye kwa sauti ya chini. Kisha apelekwe hospitali saa ile ile, maana iko dawa ya sindano ya kumtuliza, na vidonge vya kumwendeleza. Kumshika mtu ili umfikishe kwenye matibabu ni jambo moja. Kumfunga ili umsahau ni jambo lingine. Kamba ambayo imekaa hata kesho yake asubuhi si msaada tena.

Na jambo moja la haraka sana: mtu akivurugika akili ghafula pamoja na homa, usiseme ni wazimu. Yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Huyo apelekwe bila kungoja hata saa moja, maana huua. Vivyo hivyo mama aliyezaa juzi, akianza kusema mambo yasiyoeleweka au kumchukia mtoto wake. Ni ugonjwa, nao una matibabu.

Je, twende kuelea mtoni?

Hapana. Tunaogopa kwamba kijana fulani atasoma habari hizi, aende kujilaza katika Ruzizi. Maji yetu ni matamu, hayana chumvi ya kumwinua mtu. Asiyejua kuogelea atazama. Ndani ya Ruzizi mna mamba na viboko. Katika maji yaliyosimama na ya mifereji mna kichocho, na kipindupindu hurudi bondeni mwetu mara kwa mara. Tena mtu mwenye kifafa asioge peke yake katika maji yoyote yenye kina, hata bwawa dogo.

Wala tusijaribu kutengeneza birika la chumvi. Mamia ya kilo za chumvi ni fedha nyingi, na maji yale yakiingia katika kidonda yanachoma sana. Lakini kumbuka kwamba chumvi kazi yake ilikuwa kumwinua mtu tu. Mengine yote, yaani joto la vuguvugu, kimya, muda mfupi, na uhuru wa kutoka, hayauzwi dukani. Hayo tunayo.

Pumziko la nyumbani

Jaribu hivi, wewe mwenyewe au mtu wako mwenye hofu na huzuni:

1. Mwulize kwanza. Asipotaka, acha. Kesho utamwuliza tena.

2. Jioni, kazi ikiisha, pasha maji moto ndoo moja. Yawe ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko chako. Mwenye makovu ya moto apimiwe na mtu mwingine, maana ngozi ya kovu mara nyingi haisikii joto vizuri na yaweza kuungua tena.

3. Aoge bila haraka. Mgonjwa asiye na nguvu apewe maji katika beseni atie miguu ndani, naye ajipanguse uso, shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mwanamke aliyeumizwa asiguswe na mtu asiyemchagua mwenyewe.

4. Kisha alale chali juu ya mkeka, kitenge kilichokunjwa kikiwa chini ya shingo na kingine chini ya magoti, ili mgongo usibebe kitu.

5. Mwanga upunguzwe, redio izimwe, simu iwekwe mbali. Lakini mlango usifungwe kwa ufunguo. Mtu anayempenda aketi karibu na mlango, asiseme neno isipokuwa ameitwa.

6. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi. Robo saa yatosha kwa mara ya kwanza.

7. Hofu ikipanda, au picha za zamani zikija, asishindane nazo gizani. Afungue macho, aketi, aguse ardhi, ataje vitu vitano anavyoviona. Taa iwashwe. Siku nyingine atajaribu mchana. Wengine giza haliwafai kabisa, nao wakae kimya chini ya mwembe, ni sawa.

8. Akitaka kusema, msikilize. Usimwambie, "Sahau." Angeweza kusahau, angalikuwa amekwisha kusahau.

Hili si dawa ya kila ugonjwa. Kwa mtu anayesikia sauti, au anayesema watu wanataka kumwua, usimweke gizani hata kidogo. Mpeleke kwa muuguzi. Aliyekwisha kupewa vidonge asiache kuvimeza kwa kuwa ameoga na kulala vizuri. Mwenye kifafa aendelee na dawa yake kila siku. Na yeyote anayesema afadhali afe, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya. Mara nyingi linamfungulia njia ya kusema.

Msaada u wapi?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, hasa njia ikiwa imefungwa kwa sababu ya vita. Muuguzi atapima malaria, atasikiliza, ataandika barua. Mjini Bukavu iko hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo SOSAME, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Mabruda wa Mapendo. Ni kazi ya ndugu zetu Wakatoliki, na tusione haya kubisha hodi huko. Iko pia hospitali ya Panzi, ya kanisa letu la Kiprotestanti CEPAC, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza hospitali ya Lemera iliposhambuliwa. Panzi huwapokea wanawake walioumizwa vitani, na huwatibu mwili na moyo pamoja. Daktari huyo alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, lakini wagonjwa wake hawaulizwi habari za tuzo. Huulizwa wanaumwa wapi.

Neno la mwisho

Nabii Eliya alichoka siku moja, hata akaomba afe. Habari zake ziko katika 1 Wafalme, sura ya 19. Alijilaza chini ya mti nyikani. Malaika alikuja, naye hakumkemea, hakumfunga, wala hakumhubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akamwamsha mara ya pili, akampa chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Neno la Mungu lilikuja baadaye, na lilipokuja lilikuja kwa sauti ndogo ya utulivu. Basi Mungu mwenyewe alimpa mtumishi wake usingizi na chakula kabla ya mafundisho. Sisi ni nani hata tuanze kwa fimbo?

Msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtu aliyefungwa, usingoje kumaliza kijitabu hiki. Nenda ukafungue mlango. Mwite kwa jina lake. Mpelekee maji ya kunywa, na maji ya vuguvugu ya kuoga. Keti naye kidogo. Na kesho asubuhi, mapema kabla ya jua kuwa kali, mlete kwetu. Hatutauliza kwa nini mmechelewa.